Draivu ya servo isiyo na brashi ikigoma: anza na wakati wa hitilafu

Kwenye mfumo wa servo (mota inayofuata amri ya nafasi au kasi, na draivu inayoilisha umeme), draivu ndiyo yenye kioo cha kutangaza hitilafu, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa kwanza na ndiyo inayong'olewa kwanza. Lakini yenyewe haioni mashine. Inachojua ni mkondo unaopita kwenye vihisi vyake, volteji ya basi lake la DC (njia ya ndani ya umeme wa DC), joto la bamba lake la kupozea, na ishara zinazorudi kutoka enkoda au rizolva, yaani vihisi vya nafasi ya shafti. Kebo iliyochubuka, breki isiyoachia na koili iliyoungua zote zinaweza kuleta namba ileile ya hitilafu. Kabla ya kufungua kitabu cha namba, muulize mwendesha mashine hitilafu inatokea lini: umeme ukiwashwa tu, mota ikiruhusiwa kushika (draivu inapoanza kuipa mkondo), ikichapuka, ikipunguza mwendo, au ikiwa imesimama. Jibu lake hupunguza orodha ya washukiwa kwa zaidi ya nusu.

AC na DC: majina yanayochanganya

Mota za servo zisizo na brashi huitwa za AC au za DC, lakini zote mbili zina sumaku kwenye rota na koili za fezi tatu kwenye stata, na hakuna hata moja inayopokea DC moja kwa moja kwenye koili. Tofauti iko kwenye umbo la volteji ambayo mota huzalisha ikizungushwa, na namna draivu inavyogawa mkondo. Ile inayoitwa DC isiyo na brashi huzalisha umbo la trapeza. Draivu yake hupeleka mkondo kwenye fezi mbili kwa wakati mmoja na kuiacha ya tatu, kisha hubadilisha jozi kila nyuzi 60 za kiumeme (mzunguko mmoja wa shafti una nyuzi 360 za kiumeme kwa kila jozi ya nguzo za sumaku) kwa kufuata vihisi vitatu vya Hall, vinavyohisi sumaku ya rota. Ile ya AC huzalisha wimbi la sini, fezi zote tatu hubeba mkondo muda wote, na draivu lazima ijue pembe ya rota kwa usahihi, ndiyo maana kuna enkoda au rizolva.

Hili lina faida kwa fundi. Mota ya DC ikitikisika kidogo kwa mwendo wa polepole, mara sita kwa kila mzunguko wa kiumeme, hiyo ni tabia yake. Mota ya AC ikifanya hivyo, tafuta sababu.

Njia ya umeme ndani ya draivu ni hii: daraja la daiodi linalogeuza AC kuwa DC, kapasita za basi, transista sita za nguvu, vihisi vya mkondo, kisha vituo vya U, V na W. Umeme wa 230 V huzaa basi la takriban 325 V DC, na wa 400 V huzaa takriban 565 V. Draivu ndogo za DC hazina daraja hilo. Hulishwa DC moja kwa moja, mara nyingi kati ya 24 V na 80 V, kutoka kwenye pawasaplai ya nje. Juu ya hayo kuna vitanzi vitatu vya udhibiti (kila kimoja hulinganisha kipimo na amri na kusahihisha tofauti), kimoja ndani ya kingine: cha mkondo ndani kabisa, cha kasi katikati, cha nafasi nje. Kitanzi cha ndani kikiwa kibovu, usipoteze muda kurekebisha cha nje.

Vipimo vya umeme ukiwa umezimwa

Zima, funga swichi kuu kwa kufuli, na subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko cha draivu. Kwa kawaida ni kati ya dakika 5 na 15. Kisha pima kati ya vituo vya + na − vya basi, na usiguse kitu mpaka isome chini ya 50 V DC. Taa iliyozimika si ushahidi. Kama mota inabeba mhimili wa wima, weka gogo au nguzo chini ya mzigo kabla ya kuchomoa chochote.

Chomoa kebo ya mota kwenye draivu na upime U–V, V–W na W–U kupitia kebo hiyo. Thamani yenyewe haina uzito mkubwa, ila zote tatu ziwe sawa. Mota kubwa huwa na ukinzani chini ya omu moja, na hapo mita ya kawaida hupima ukinzani wa nyaya zake yenyewe. Gusanisha ncha za mita kwanza, andika inachosoma, ukitoe. Tofauti kati ya jozi ikionekana, rudia kipimo kwenye plagi ya mota. Ikipotea, kebo ndiyo mbovu.

Kisha insulesheni: kila fezi kwenda ethi kwa mega (mita ya insulesheni) ya 500 V, kebo ikiwa imechomolewa kwenye draivu na plagi ya enkoda ikiwa imetolewa. Mega haipelekwi kwenye draivu kamwe, maana transista na saketi za kuziendesha hazitasalimika. Mota nzima husoma zaidi ya megaomu 100. Ikisoma megaomu chache, kuna unyevu au mafuta ya kupozea yameingia, na inaweza kukaushwa. Chini ya megaomu 1, usiirudishe kazini. Mita ya kawaida haitoshi hapa, kwa sababu insulesheni inayovuja kwa 500 V inaweza kuonekana nzima kwa volti chache za betri.

Draivu yenyewe hupimwa kwa alama ya daiodi. Weka ncha nyekundu kwenye − ya basi na nyeusi kwenye U, halafu V, halafu W: utarajie takriban 0.3 hadi 0.6 V. Geuza ncha, isipitishe. Kisha nyeusi kwenye + ya basi na nyekundu kwenye U, V, W: thamani zilezile. Fezi moja ikisoma sifuri, transista imeungana. Ikisoma tofauti na wenzake kwa kiasi kikubwa, nayo ni ya kutiliwa shaka. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba transista inawaka na kuzima vizuri. Kinathibitisha tu kwamba haijapasuka.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji mita. Mota ikiwa imechomolewa, zungusha shafti kwa mkono, kisha unganisha nyaya zote tatu za fezi pamoja na uzungushe tena. Mota nzima huwa nzito sana na sawasawa kwenye mzunguko wote. Ikiwa ilikuwa nzito tangu kabla ya kuunganisha nyaya, kuna koili zilizoungana ndani, beringi imekufa, au breki haijaachia.

Imewaka, haina hitilafu, lakini haisogei

Draivu iliyotulia bila kulalamika inasubiri ruhusa. Pima 24 V kwenye kiingilio cha kuwezesha, kisha kwenye viingilio viwili vya usalama vilivyoandikwa STO (Safe Torque Off, vya kukata nguvu ya mota). Vyote viwili lazima viwe na umeme, na kimoja kikikosa, draivu nyingi hukata nguvu bila maelezo marefu. Baada ya hapo angalia swichi za mwisho wa mwendo, kisha amri yenyewe. Kwa draivu ya analogi, pima volteji kwenye kituo cha amri wakati kidhibiti kinaagiza mwendo: ikibaki 0 V, tatizo liko juu ya draivu. Angalia pia kikomo cha nguvu ya kuzungusha. Mtu akikiacha sifuri baada ya majaribio, kila kitu kitaonekana kizima na shafti haitasogea.

Hitilafu inapokuja mara tu mota inaporuhusiwa kushika

Mkondo kuzidi papo hapo, kabla shafti haijasogea, ni dalili ya shoti. Chomoa U, V na W kwenye draivu na uiruhusu tena. Ikilalamika vilevile kwamba mkondo umezidi, draivu ndiyo mgonjwa. Ikibadilika na kusema fezi haipo au nafasi imepotea, draivu imepona kwenye kesi hii. Rudi kwenye kebo na mota kwa mega.

Kesi ya pili ni mota kuruka kwa ghafla kisha kujifunga, ikinguruma na kupata moto, mpaka kinga ya mzigo ikate. Au kinyume chake: inachomoka kwa kasi kubwa bila kusikia amri. Hizi mbili hutokea baada ya mtu kugusa nyaya, kubadilisha mota, au kufungua enkoda. Ukiacha vihisi vya Hall kama vilivyo, fezi tatu zinaweza kuunganishwa kwa njia 6, na moja tu ni sahihi. Njia tatu zenye fezi mbili zilizobadilishana huifanya mota iruke na kujifunga. Njia mbili zilizobaki huizungusha kinyume kwa nguvu ndogo na mkondo mkubwa, na kitanzi cha kasi kikiona mwendo wa kinyume huongeza mkondo zaidi. Hapo ndipo mota hukimbia. Usijaribu kuponya hili kwa kubadilisha fezi mbili ili igeuke upande mwingine, kama inavyofanywa kwa mota za kawaida za fezi tatu. Kwenye servo, upande wa mzunguko hubadilishwa kwa parameta, yaani mipangilio iliyomo ndani ya draivu.

Vihisi vya Hall vyenyewe hupimwa kirahisi. Vipe umeme wake, mara nyingi 5 V, na zungusha shafti polepole kwa mkono huku ukipima kila kimoja. Kila kihisi kibadilike kati ya karibu 0 V na volteji ya juu. Kwa vihisi vilivyopangwa nyuzi 120, vyote vitatu haviwezi kuwa juu pamoja wala chini pamoja. Ukiona hali hiyo, kihisi kimoja kimekufa au waya umekatika. Kumbuka kwamba vingi haviwezi kuinua volteji vyenyewe. Vinahitaji rezista ya kuvutia juu, ambayo kwa kawaida imo ndani ya draivu, kwa hiyo ukivipima vikiwa vimechomolewa utadhani vyote ni vibovu.

Kwa mota ya AC, kosa linalolingana na hilo ni pembe ya enkoda kuhama. Nguvu hupungua kwa kosaini ya kosa: nyuzi 30 za kiumeme huacha takriban asilimia 87, nyuzi 60 huacha nusu, nyuzi 90 hazibakishi kitu, na zaidi ya hapo mota hukimbia kinyume. Mota yenye jozi 4 za nguzo hufikia nyuzi 30 za kiumeme kwa kuhama nyuzi 7.5 tu za shafti. Skrubu moja iliyolegea kwenye enkoda inatosha. Kosa dogo ndilo baya zaidi kuligundua, kwa sababu mashine hufanya kazi, ila mota inapata moto kuliko wenzake na kinga ya mzigo hukata mchana wa kazi nzito.

Hitilafu wakati wa kuchapuka

Volteji ya basi kushuka wakati mota inachapuka, huku ikiwa sawa ikitulia, maana yake umeme unaingia lakini njia ni nyembamba. Pima fezi tatu za kuingia wakati mzigo upo, si mashine ikiwa imelala. Fyuzi moja iliyokatika kwenye draivu ya fezi tatu huacha basi lionekane zima mpaka mkondo uhitajike. Kontakta yenye vituo vilivyoungua hufanya hivyohivyo. Halafu kuna kisababishi kinachosahaulika: rezista ya kujazia kapasita taratibu na rilei inayoiruka baada ya basi kujaa. Rilei isipofunga, mkondo wote hupita kwenye rezista ile, basi huporomoka kila mota inapotaka nguvu, na siku moja rezista huungua. Draivu yenye harufu ya kuungua na basi linaloyumba, anzia hapo.

Kapasita zilizochoka hutoa dalili zinazofanana. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita ya elektroliti hupungua kwa nusu, kwa hiyo feni iliyokufa leo ni kapasita zilizokufa kesho.

Kosa la kuchelewa nyuma ya amri linaweza kuwa la umeme au la chuma. Fungua kaplingi na uendeshe mota peke yake kwa programu ileile. Ikitii, shida iko kwenye skrubu ya gololi (ball screw), reli, giaboksi au ulainishaji. Angalia mkondo pia: kuchelewa huku mkondo ukiwa kwenye kikomo ni mzigo mzito au mota dhaifu. Kuchelewa huku mkondo ukiwa mdogo ni kigezo cha kitanzi (gain, ukali wake wa kuitikia kosa) kilichowekwa chini mno, au amri inayodai kasi isiyowezekana.

Mota dhaifu hujulikana kwa volteji inayozalisha. Izungushe kwa drili kwa kasi unayoijua, nyaya zikiwa wazi, na pima AC kati ya fezi. Kama bati la mota linasema 60 V kwa mizunguko 1000 kwa dakika, kwa mizunguko 500 utarajie 30 V. Jozi zote tatu zikiwa sawa lakini chini kwa zaidi ya asilimia 10, sumaku zimepoteza nguvu, mara nyingi kwa joto au kwa mkondo mkubwa kupita kiasi. Jozi moja ikiwa chini ya nyingine, koili zimeungana. Hakikisha kwanza kama bati linataja thamani ya kilele au ya RMS (mzizi wa wastani wa miraba), la sivyo utaihukumu mota nzima.

Hitilafu wakati wa kupunguza mwendo

Basi kuzidi volteji wakati wa kusimama karibu kila mara ni habari ya nishati inayorudi. Mota inayopunguza mwendo huwa jenereta, na daraja la daiodi haliruhusu umeme kurudi kwenye laini. Chukua mzigo wenye inesha ya 0.01 kg·m² unaozunguka mara 3000 kwa dakika, yaani radiani 314 kwa sekunde: una jouli 493. Kapasita za mikrofaradi 1000 zikipanda kutoka 325 V hadi 390 V hunyonya jouli 23 tu. Sehemu iliyobaki, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano na joto la koili, lazima iende kwenye rezista ya breki.

Kwa hiyo, zima, subiri, kisha pima rezista hiyo kwa omu na ulinganishe na maandishi yake. Iliyokatika ndiyo hali ya kawaida. Ikiwa nzima, hakikisha parameta inayoitaja haijawekwa kwenye rezista ya ndani wakati ya nje ndiyo iliyofungwa, na kinyume chake. Kama rezista haipati moto hata kidogo wakati hitilafu inatokea, transista inayoiwasha imekufa. Ikipata moto mkali mashine ikiwa imesimama, transista hiyo imeungana au volteji ya laini iko juu.

Kwenye draivu za DC za volteji ndogo, dalili huhamia kwingine: pawasaplai hujizima kwa sababu mota imeisukumia volteji juu. Draivu hurudi kama kwamba umeme ulikatika tu, na fundi huanza kutafuta waya uliolegea. Pima kwa osiloskopu kwenye vituo vya draivu wakati wa kusimama. Ukiona 48 V ikipanda hadi 60 V, dawa ni saketi ya kunyonya nishati au kusimama taratibu zaidi.

Imesimama, lakini haitulii

Mlio mwembamba wa juu huku shafti ikitetemeka kidogo ni vigezo vya kitanzi cha kasi vilivyopandishwa mno, au kaplingi iliyolegea inayoitikia. Punguza kigezo cha kitanzi cha kasi kwa nusu. Mlio ukikoma, bado jiulize kwa nini vigezo vilivyofanya kazi miaka mingi vimekuwa vikubwa leo. Mara nyingi chuma kimechakaa, au kuna mtu alivipandisha kuficha uchakavu.

Kuyumba polepole, mbele na nyuma mara moja au mbili kwa sekunde, ni jambo lingine. Hapo kuna uchezaji kwenye giaboksi au msuguano unaoshika na kuachia, na sehemu ya kukusanya makosa kwenye kitanzi inaufukuza bila kuupata. Kupunguza sehemu hiyo hutuliza, lakini hakuondoi uchezaji.

Mhimili wa analogi unaotambaa polepole bila amri unaonyesha ofseti, yaani volteji ndogo inayosomwa kama amri. Kama 10 V ni mizunguko 3000, basi milivolti 10 ni mizunguko 3 kwa dakika. Funga amri kwa 0 V kwenye vituo vya draivu: ikiendelea kutambaa, rekebisha ofseti ya draivu. Ikiacha, tatizo ni kidhibiti au ethi ya kebo ya amri.

Mota yenye joto kali na draivu inayolalamika mzigo umezidi: shuku breki kwanza. Pima umeme wake kwenye plagi ya mota, breki ikiwa imeunganishwa. Nyingi ni za 24 V, na chini ya takriban 21.6 V baadhi huachia nusu na kusugua. Waya mrefu na mwembamba hufanya hivi kimyakimya. Breki hiyo ni ya kushika mzigo uliosimama. Ikitumika kusimamisha mwendo, ungaunga wake utaonekana ndani ya mota, na pengine kwenye enkoda.

Hitilafu isiyo na saa maalumu

Enkoda inayopotea mara moja kwa siku, bila mpangilio, ni kebo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikunje na kuisukuma sehemu kwa sehemu mashine ikiwa imeshika, hasa mahali inapoingia na kutoka kwenye mnyororo wa kebo. Pima 5 V upande wa enkoda, si upande wa draivu: chini ya 4.75 V enkoda nyingi huanza kukosea. Angalia pini za plagi kwa mafuta ya kupozea. Kisha angalia wavu wa kinga wa kebo ya mota. Ushikwe kwa klampu inayouzunguka wote, ncha zote mbili. Kuusokota ukawa mkia mrefu uliofungwa kwenye skrubu kunaharibu kazi yake kwa masafa ya juu.

Ili kutofautisha kelele na enkoda mbovu, hesabu. Enkoda yenye mistari 2500 hutoa hesabu 10,000 kwa mzunguko. Zungusha shafti mizunguko 10 kamili na urudi kwenye alama uliyoanzia, ukisoma kwenye kioo. Hesabu zinazopotea kila mara mahali palepale ni uchafu au mkwaruzo kwenye diski. Zinazopotea ovyo, na zaidi mota ya jirani ikiwa inafanya kazi, ni kelele. Rizolva hazina diski wala elektroniki ndani. Pima koili zake tatu tu: ya sini na ya kosaini ziwe na ukinzani sawa, na zote ziwe mbali na ethi.

Enkoda za kukumbuka nafasi huwa na betri ya lithiamu, mara nyingi 3.6 V. Ibadilishe umeme wa udhibiti ukiwa umewashwa, la sivyo utaanza upya kutafuta sifuri ya mashine.

Kubadilishana na kufunga mpya

Mashine ikiwa na mihimili miwili yenye draivu na mota za aina moja, kubadilishana kebo za nguvu na za enkoda pamoja ndiyo hukumu ya haraka kuliko zote: hitilafu ikifuata mota, imejulikana. Badilisha zote mbili kwa mara moja, kamwe si moja. Linganisha parameta kwanza, na usilifanye hili kwa mhimili wa wima.

Draivu mpya ilinganishwe herufi zote za namba yake, pamoja na zile za mwisho. Pakia parameta za zamani, shusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 10 au 20, fungua kaplingi, na uendeshe polepole pande zote mbili kabla ya kuunganisha mzigo. Iliyokaa stoo zaidi ya mwaka mmoja au miwili isipewe umeme kamili ghafla. Kapasita zake zirudishwe taratibu kwa volteji inayopandishwa hatua kwa hatua, kwa saa alizotaja mtengenezaji, mota ikiwa haijaunganishwa.